Dakika Moja Kabla ya Kuzima

Gerezani, saa nne, jua limeshashika mabati.
Fundi Shomvi anachovya kijiti cha oili,
anakifuta kwenye suruali, anachovya tena,
halafu ananitazama kama daktari
anayetafuta neno dogo la ugonjwa mkubwa.

"Dada Tuntufye, huyu ulimwekea nini?"

Nilimwekea ya kupimiwa.
Ya kibandani, Buguruni, kwa chupa ya maji ya kunywa.
Muuzaji aliapa,
na mwezi ulikuwa tarehe ishirini na saba.

Tabo ameiweka juu ya gazeti:
feni ndogo kuliko kiganja cha mwanangu,
mhimili unacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.
"Hii huzunguka mara laki moja na ushee
kwa dakika. Haikalii chuma. Inaelea.
Inaelea juu ya utando wa oili
mwembamba kuliko unywele wako.
Ukiipa uchafu, itaelea juu ya uchafu.
Na upande huu unapita moshi wa moto,
chuma kinaiva hadi kinakuwa chekundu.
Oili ya kubahatisha inaungulia hapo,
inaganda kama ukoko,
inaziba kamrija kanakoleta uhai."

Nilisugua ukoko ule kwa kidole.
Haukutoka. Wala kidoleni haukutoka, siku mbili.

Tukavuka hadi duka la Nasibu.
Madumu yamepangwa hadi dari, ya dhahabu, ya fedha, ya bluu.
Sintetiki kamili, nusu sintetiki, ya kawaida,
na bei zake zinapanda kama ngazi isiyo na mkono wa kushika.
"Tano-W-arobaini," fundi akasema.
W ya nini? "Ya baridi."
Duka zima likacheka. Baridi gani,
Msimbazi hii ambapo hata kivuli kinatoka jasho!

Shomvi hakucheka.
"Baridi ya injini ni alfajiri.
Imelala, oili yote imeteremka sampu.
Wewe unawasha saa kumi na moja, una zamu;
ile tano inapanda mbio, tabo haijauliza iko wapi.
Arobaini ni ya foleni ya Tazara, saa nane mchana,
mguu kwenye breki, moto hauna pa kwenda."

Akaligeuza dumu, akakagua lakiri,
akalitikisa sikioni kama nazi.
"Mgema akisifiwa, dada.
Jina likipendwa mjini, dumu lake tupu
linauzwa ghali kuliko kuku."

Nikahesabu hela ya mchezo.
Ilikuwa ya mapazia.

Iliingia kimyakimya, rangi ya asali changa,
lita nne na kidogo, bila haraka.
Dumu lilipokwisha, Shomvi akachukua bisibisi
akalitoboa mara tatu tumboni,
"lisizaliwe tena."

Kisha akanipa sharti, na hili halikuwa na bei:
ukitoka mbio usizime papo hapo.
Iache iunguruma dakika moja,
oili ipite, ichukue moto, ishuke nao.

Basi sasa, Yombo, nje ya geti langu,
natoka wodi ya wazazi na joho limenuka spiriti,
nakaa. Mwanzoni nilihesabu kwa hasira:
dakika nzima, mwanamke mzima, ndani ya gari lililosimama.
Mwanangu akagonga kioo: Mama, umelala?
Sijalala. Napoza.

Jana kuna mmoja alinishika mkono hadi asubuhi,
na asubuhi haukunishika tena.
Sijui kama dakika moja inatosha hayo;
fundi alizungumzia chuma tu.

Mapazia ya zamani yanapepea dirishani.
Hamsini na nane.
Hamsini na tisa.
Naongeza kidogo.